Kereng'ende Kwenye Mtungi

Alikuwapo mama mmoja, ndugu zangu, msafi kupindukia. Uani kwake ungekula ugali chini bila sahani. Mnacheka! Wengine wenu mnamjua.

Mama huyu alichota maji kwenye chemchemi ya mlimani, chini ya mkuyu mkubwa. Pale ukingoni waliishi kereng'ende wadogo wa samawati, wembamba kama uzi, wasioonekana mahali pengine popote. Majani ya mkuyu yalipozidi kuangukia ndooni mwake, akaudhika. Akaisafisha chemchemi kama anavyofagia ua: akafyeka vichaka, akang'oa majani ya ukingoni, mwishowe akaukata na mkuyu wenyewe.

Jirani yake akamwambia, "Dada, chemchemi haifagiliwi hivyo. Kivuli cha mkuyu ndicho kinachoyatunza maji."

"Wewe umezoea uchafu," akamjibu.

Kiangazi kikaingia. Asubuhi moja akamkuta kereng'ende kwenye mdomo wa mtungi wake. Akamfukuza kwa mkono. Kesho yake ukuta mzima wa nyumba ulikuwa wa samawati kwa kereng'ende. Wametulia tuli, hakuna anayepiga bawa, wote wameuelekea mtungi. Akawafagia nje, kugeuka, wamerudi.

"Baba watoto, tumerogwa! Hawa wametumwa na yule jirani."

"Mtoto analia kiu," mumewe akasema. "Mpe maji kwanza."

"Maji haya waliyoyakalia? Thubutu!"

Akaubeba mtungi, akamwaga maji yote uani. Wale wadudu wakamfuata kimya kimya, wakatua palipolowa. Mama akachukua ndoo, akapanda chemchemini kuchota mengine.

Akakuta chemchemi imekauka, udongo umepasuka. Jirani yake ameketi kando, ndoo tupu miguuni.

"Ondoa wadudu wako nyumbani kwangu!"

"Dada, mimi sijatuma kitu. Hao wamefuata maji ya mwisho ya mlima huu. Yako wapi?"

Mama akageuka kutazama nyumbani kwake. Kutoka kule bondeni akamsikia mtoto wake akilia.

Sisi je, ndugu zangu? Mungu anapotuma kiumbe mwembamba kama uzi aje kutuonya, tunashika nini? Ufagio! Tunamwita mchawi yule aliyetangulia tu kuisikia kiu inayotujia. Leo ukirudi nyumbani, utazame mtungi wako. Ukimkuta yeyote ametua pale, mdudu au mtu, hata umchukie vipi, usimwage maji. Muulize kwanza anatoka wapi, na huko alikotoka kumebaki nini.