Mwanamke Aliyemwombea Mumewe Kizuizini

Mwanamke mmoja alikuwa na ulimi mtamu na mume mlevi. Jina lake Atuganile. Katika mji wao mdogo wa milimani, penye mvua nyingi na mashamba ya chai, ndugu wakigombana walimwita yeye awasemeshe, na hakuwahi kuondoka kabla hawajapeana mikono. Mumewe, Gwakisa, alikuwa na pikapu. Tena alikuwa mtu mwema, na hili msilisahau: mgonjwa akizidiwa, Gwakisa ndiye aliyemkimbiza hospitali bila kudai kitu, msiba ukitokea, pikapu yake ndiyo iliyotangulia kubeba kuni na masufuria. Lakini alikunywa. Na akishakunywa, aliendesha.

Barabara ya kutoka mjini iliteremka kwa kona nyingi hadi darajani, na kabla ya mteremko ule trafiki walikuwa wameweka kizuizi. Hapo ndipo Gwakisa aliposimamishwa mara ya kwanza. Aliyemsimamisha ni Koplo Masalu, Msukuma aliyehamishiwa huko, mtu mpole asiye na maneno mengi. Alimpa kile kifaa cha kupima ulevi, akamwambia apulize. Gwakisa akapuliza, na kifaa kikatoa siri ya tumbo lake. Koplo akachukua ufunguo wa gari, akamfikisha kituoni, akasema kesho yake atasimama mbele ya hakimu. Hakumtukana wala hakumsukuma. Sheria ilisema hivyo, naye akafanya hivyo.

Habari zilipomfikia Atuganile, alijifunga kitenge akaenda kituoni. Hakwenda na cha kumpenyezea mtu mkononi, na maisha yake yote alijivunia jambo hilo. Alikwenda na maneno tu. Alimweleza mkuu wa kituo habari za watoto, na za wagonjwa ambao leo wangekuwa kaburini kama si pikapu ile. "Mume wangu si mwizi, afande," alisema. "Hajamuumiza mtu." Ilikuwa kweli. Na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya kweli. Mkuu alikohoa, akatazama dirishani, kisha akaamuru mlango ufunguliwe. Mke na mume walirudi nyumbani wameshikana mikono kama wachumba. Gwakisa akaapa hatagusa tena pombe, na Atuganile akamshukuru Mungu aliyempa kinywa cha kuokoa nyumba yake.

Kiapo kile hakikumaliza masika. Gwakisa akakamatwa tena, Atuganile akaenda tena, akakamatwa, akaenda. Mwishowe hakuhitaji hata kulia. Askari walimzoea, wakaacha kumwita mama, wakamwita shemeji. Naye akapita kizuizini siku za baridi na chupa ya chai na ndizi za kuchemsha, akawauliza habari za wake zao waliowaacha mbali. Haikuwa hila. Aliwapenda, nao wakampenda, na pikapu ilipotokea ikiyumba barabarani walisema, "Huyo ni wa shemeji, mwacheni apite."

Koplo Masalu peke yake ndiye aliyekuwa bado akimsimamisha. Siku moja alikataa maombi yote, akasema safari hii kesi itafika mahakamani hata jua lichomoze magharibi. Ndipo Atuganile akawaendea wazee wa kanisa, wazee wa kanisa wakamchukua mchungaji, mchungaji akamchukua diwani, wakaenda kituoni kundi zima, watu wenye heshima zao, wakiwa wamevaa makoti. Mkuu wa kituo akamwita koplo mbele yao. "Masalu," alisema, "sheria ipo, lakini na utu upo. Jifunze kuishi na watu." Koplo akapiga saluti. Tangu siku hiyo, pikapu ile ilipokaribia, aligeuza uso akatazama mashamba ya chai. Atuganile alipompita pale alimwona mtu aliyezeeka ghafla, akamhurumia, akamwongezea ndizi.

Ikafika Jumapili moja, mchana, mvua ilipokuwa imetoka kunyesha na anga limetakata. Gwakisa alikuwa kwenye sherehe ya jirani tangu asubuhi. Alipoingia uani kwake alimsalimu binti yake wa kumzaa kama mtu anavyomsalimu mgeni, akamuuliza ni mtoto wa nani. Atuganile alikuwa amemwona mumewe amelewa mara nyingi, lakini hakuwa amewahi kumwona hivi. Gwakisa akaelekea kwenye gari. Mke akamfuata, akashika mlango. Akasema yote aliyojua kusema. Mume alicheka, akambandua vidole kwenye mlango, taratibu, bila ukali, kama anayemtoa mtoto mwiba, akaondoka. Na saa ile ndiyo watu walikuwa wakitoka kanisani, wametapakaa barabarani mpaka darajani.

Hapo Atuganile aliogopa, akatoa simu. Namba ya koplo alikuwa nayo, kama mtu alivyo na namba ya ndugu.

"Afande Masalu, Gwakisa anakuja huko. Msimamishe. Mfungie. Safari hii nakuomba mwenyewe."

Koplo akauliza, bila kejeli, kama mtu anayetaka kweli kujua:

"Na kesho utakuja na nani kumtoa, shemeji?"

Atuganile alifungua kinywa aseme, Sitakuja. Neno dogo kuliko yote aliyowahi kusema. Halikutoka, kwa kuwa alijijua. Alimwona mumewe nyuma ya nondo, akawaona wazee na makoti yao, akajiona yeye mwenyewe akijifunga kitenge. Na alipokuwa bado anatafuta jibu, alisikia katika simu mngurumo wa gari ukija, ukapita, ukafifia kuelekea mteremkoni. Koplo hakukata simu. Wote wawili walibaki wakisikilizana pumzi.

Karibu na daraja alikuwapo mama mmoja mjane, Tumpe, akitembea na binti yake wa pekee, Subilaga, aliyekuwa fundi cherehani. Kwa sababu ya utelezi walikuwa wameshikana mikono. Tumpe alisema baadaye kwamba hakusikia kishindo chochote. Alihisi tu mkono wa mwanawe ukitoka katika wake. Gwakisa alishuka garini mzima, hana hata mkwaruzo, akauliza ni nani aliyeacha mzigo barabarani.

Hakuna aliyekwenda kituoni kumtoa Gwakisa siku ile, wala iliyofuata. Walimzika Subilaga kwanza, na mji mzima ukalia, Atuganile akiwa miongoni mwao, amekaa nyuma kabisa, amejifunika kichwa. Aliapa moyoni kwamba hatamwombea tena mwanadamu. Lakini arobaini haikuwa imefika wakati ukoo wa Gwakisa ulipokusanyika nyumbani kwake. Wakasema aliyekufa hafufuki. Wakasema watoto wana haki ya baba. Wakasema shahidi wa maana ni Tumpe, na Tumpe ni mtu wa Mungu, anahitaji tu mtu wa kusema naye vizuri. Kisha wote wakamtazama Atuganile. Binti yake, yule aliyeulizwa ni mtoto wa nani, naye akamtazama.

Akainuka. Akajifunga kitenge.

Walijaa katika chumba cha Tumpe, penye cherehani iliyofunikwa shuka. Atuganile alipiga magoti, akasema. Hakuwahi kusema vizuri kama siku ile. Watu wazima walilia. Yeye mwenyewe alijisikia akisema, akataka kunyamaza, na maneno yakaendelea kumtoka, laini, yamepangika, kila moja mahali pake. Alipomaliza, Tumpe aliwatazama mmoja mmoja watu waliokaa sakafuni kwake. Ndio waliomchimbia mwanawe kaburi. Ndio watakaomchimbia na yeye.

"Unasema vizuri, mwanangu," alisema. "Subilaga wangu hakuwa msemaji."

Na mahakamani, alipoulizwa, mjane yule alijibu kwamba barabara ilikuwa na ukungu na macho yake ni ya kizee. Waliotoka naye kanisani walisema waliona ukungu huohuo. Koplo Masalu peke yake alisimama akasema aliliona gari likiyumba, wakamuuliza, "Uliliona, na hukulisimamisha?" Akainamisha kichwa, na baada ya hapo hakuna aliyemuuliza neno. Gwakisa akaachiwa. Nyumbani alichinjiwa kuku. Alikunywa maji siku ile na siku nyingine kadhaa, kisha asubuhi moja Atuganile, akiwa jikoni, akasikia pikapu ikiwashwa, akasikia gia ikikwaruzwa na mkono usiotulia. Hakutoka nje. Hakupiga simu. Alikaa juu ya kigoda, akaziba masikio kwa viganja vyote viwili, na moyoni mwake akayapanga tayari maneno atakayoyasema.

Mtaniuliza kama mwanamke huyu alimpenda mumewe. Alimpenda. Askari walikuwa na huruma, wazee walikuwa na utu, na mjane alikuwa na msamaha. Katika mji ule hakukosekana hata tunda moja la wema. Lakini Subilaga, aliyekuwa akipita kwa miguu yake darajani, yeye ni nani aliyewahi kwenda kizuizini kumwombea?