Njuga Moja ya Amiri Mwewe

Hapo zamani za kale, kabla kuku hajahamia kwa binadamu, palikuwa na bonde liitwalo Kivumoni, na mwaka mmoja mvua iligoma kunyesha huko. Mto ulikauka mpaka kambale wakawa wanaulizana njia.

Maji yalibaki mahali pamoja tu, ndani ya Pango la Ngurumo, na wenye pango walikuwa popo. Waliziba tundu la chemchemi kwa kizibo cha majani ya mgomba, wakayashindilia kwa miguu hata tone lisipite. Wao walikunywa kwenye ufa wa juu. Wengine wote walimeza mate.

Amiri wa jeshi la ndege alikuwa Mwewe. Kucha anazo, mdomo anao, na miguuni alivaa njuga nane, nne huku na nne huku, moja kwa kila vita alivyoshinda. Kwao ilikuwa desturi: amiri havuki kizingiti bila njuga. Mama yake alikuwa akisema, "Mwewe bila njuga ni kuku aliyepotea njia."

Mara tatu Mwewe aliingia pangoni na jeshi lake. Mara tatu alitoka mbio, mkia umenyofolewa.

Mle ndani ni giza totoro hata jua likiwa utosini, lakini popo hawana haja na mwanga. Mlinzi wao hupiga hodi, "Tii!" Sauti ikikugonga inamrudia, naye anajua uko wapi, u mkubwa kiasi gani na unaelekea wapi. Kisha wanakushukia wote. Paa! Paa! Paa!

"Lakini mimi sikuitika!" Mwewe alilalamika barazani.

"Uliitika, Amiri," akasema Mzee Korongo, mkuu wa baraza, akiwa amesimama kwa mguu mmoja kama kawaida yake. "Kila chenye mwili huitika hodi ya popo, hata kikifumba mdomo."

Basi, wanangu, katika bonde hilo aliishi Nondo, yule kipepeo wa usiku, mdogo kuliko ukucha wa Mwewe. Mkewe, Bi Sikudhani, alikuwa ameliwa na popo wiki chache nyuma. Tangu hapo Nondo hakuonekana barazani wala matangani kwa watu. Alionekana mahali pamoja tu, kwenye kisima kikavu nyuma ya mti wa msufi, akipiga kelele.

"Tii! ... Tii!"

Mwewe alimwona kutoka juu, akatua. Njuga zikalia, cheleng' cheleng'!

"Pole, jirani. Unamwita nani?"

"Siiti mtu, Amiri. Nasikiliza nani haitiki."

Kisimani palikuwa na kokoto zilizoning'inizwa kwa nyuzi. Moja ilikuwa tupu. Nyingine zilifunikwa sufi, ile pamba nyepesi ya msufi.

"Sikiliza," Nondo akasema. Akaielekea ile kokoto tupu. "Tii!" Sauti ikarudi, *tii*, nyembamba lakini safi. Akaielekea iliyovishwa sufi. "Tii!" Sauti ikarudi imechoka, kama mzee anayeitika kutoka chumba cha ndani.

"Bado inaitika," akasema Mwewe, akafurahi bila kujua kwa nini.

"Kwa sababu ni mviringo. Juzi nilifanya hivyo, nikakosea. Sasa tazama hii." Ya tatu ilikuwa imekatwa kingo kimshazari, sufi imelazwa tabaka juu ya tabaka. "Tii!"

Kimya.

Mwewe aliinamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule. Kimya kabisa.

"Imekwenda wapi?"

"Nusu imemezwa na sufi. Nusu imeteleza kwenye mshazari, imekwenda kuhangaika ukutani. Haikumrudia mwenyewe."

"Nani kakufundisha haya?"

Nondo alinyoosha uzi mmoja uliojikunja. "Sikudhani. Siku ile alikuwa ametoka kutaga kwenye tunda la msufi, mwili wote sufi. Popo walimpita mara ya kwanza. Wakampita mara ya pili. Kabla ya mara ya tatu alijikung'uta." Akauachia uzi. "Alipenda usafi."

Mwewe alisema pole tena, akaruka. Njiani kitu kilimchoma kifuani, naye alikijua kwa jina. Mimi na jeshi zima tumeumana na popo mara tatu, akawaza, na huyu mtu wa vumbi anawashinda kwa kokoto! Hata lile la marehemu lilimchoma. Yeye akifa leo, Bi Zawena mkewe angekumbuka alijikung'uta mara ya ngapi?

Baada ya siku tano, Nondo aliingia barazani. Alivaa vazi jeupe la sufi, kingo zake zote mshazari, limeshonwa na jirani yake Mnana, fundi wa viota. Alionekana kama kipande cha wingu kilichokatwa kwa wembe.

"Nimetoka pangoni," akasema.

Kicheko! Kwe-kwe-kwe! Kunguru alicheka mpaka akaanguka kutoka tawini.

"Pangoni, Bwana Nondo? Na popo walikukaribisha chai?"

"Walikuwa wamelala. Mlinzi alipiga hodi mara kumi na nne. Sikumwitikia hata moja." Nondo hakupandisha sauti. "Kizibo ni kikubwa kama kichwa cha Mzee Korongo. Jumbe wao, Popo Mkuu, hulala kulia kwa chemchemi, na masikio yake yana nywele." Akaweka kitu chini. "Huu ndio mmoja."

Mzee Korongo aliinama, akaushika ule unywele kwa ncha ya mdomo, akaunusa.

"Ni popo," akasema. "Tena mzee."

Hapo baraza lililipuka. Na katikati ya kelele zile kikapanda kigelegele kimoja, kirefu, chenye kupinda mwishoni. Mwewe alikijua. Miaka kumi kigelegele hicho kilipigwa kwa ajili yake peke yake. Alikuwa Bi Zawena.

"Mke wangu!" Mwewe akanong'ona kwa ukali. "Unampigia nani?"

"Mume wangu, kamng'oa Jumbe unywele wa sikio! Nisimpigie?"

Mzee Korongo alishusha mguu wa pili, jambo alilolifanya kwa nadra. "Ngoma ya amiri," akatangaza, "itapigwa kwa atakayetoa maji yale nje. Awe nani, awe nani."

Mwewe alihisi njuga zake zote nane zimekuwa nzito.

"Ngojeni siku tisa," akasema Nondo.

"Siku tisa za nini?"

"Mzee wangu, nikisema, bonde zima litasema. Na popo wana masikio."

Siku ya kwanza ikapita. Ya pili. Ya tatu. Nondo hakufanya lolote. Asubuhi alikaa juu ya jani, akitazama mlima. Makinda yalikuwa yakilia kiu, lakini hata wenye makinda walisema, "Tumwachie Bwana Nondo. Ana lake." Zamani walikuwa wakisema, "Tumwachie Amiri."

Mwewe hakula. Alizunguka angani, akitazama lile jani, akijiuliza mtu mdogo vile amepata wapi utulivu mkubwa vile. Akaona hata usingizi hauji bila kupita kwanza kwa Nondo.

Siku ya nane alishindwa. Akaenda kwa Nondo, akasimama mlangoni.

"Nishonee vazi."

"La nini, Amiri?"

"La kazi. Wewe unakaa juu ya jani, makinda yanakufa. Mimi nitaingia, nitang'oa kile kizibo kwa kucha zangu, basi. Una siri ya peke yako? Vazi ni lako, lakini bonde ni letu sote."

Mwewe alitarajia kukataliwa. Alikuwa amekwisha kuandaa matusi.

"Sawa," akasema Nondo. "Mnana na jamaa zake watashona usiku kucha. Kesho saa sita mchana utakuwa tayari. Lakini sikiliza masharti, maana sitayarudia. Usipige mbawa, elea tu. Usimwambie mtu. Na njuga uvue."

"Nivue njuga?"

"Zote."

"Zote nane?"

"Amiri, zote ni zote."

Kesho yake Mwewe alisimama nyumbani kwake amefungwa sufi kuanzia utosi hadi mkia, kingo mshazari kila upande. Alikitazama kivuli chake na hakujitambua. Akafungua njuga, moja baada ya nyingine, akaziweka juu ya mkeka. Kila iliyotoka, mguu ulizidi kuwa wa mtu mwingine.

Akafika ya nane, ile ndogo, ya vita vyake vya kwanza. Mama yake ndiye aliyeifunga.

Nikienda bila hata moja, akawaza, nani atajua aliyetoa maji ni mimi? Watasema ni Nondo. Vazi lake, hila yake, ngoma yake. Zawena atampigia tena kile kigelegele. Hapana! Moja tu. Moja ndogo haitasikika.

Akaiacha.

Akapita juu ya baraza kwa makusudi, chini kabisa, ndege wote wamwone. Kisha akaingia pangoni.

"Tii!" Mlinzi alipiga hodi.

Mwewe alielea. Sauti ilipita juu ya mwili wake kama upepo juu ya jiwe.

"Tii! ... Tii!"

"Kuna nini?" akauliza popo mwingine, mwenye usingizi.

"Hakuna. Nilidhani."

Lo! Mwewe hakupata kuonja utamu kama ule. Yupo, na hayupo! Angeweza kumkoholea Jumbe sikioni. Mbele yake kidogo, gizani, alisikia maji yakigugumia nyuma ya kile kizibo cha majani. Akanyoosha mguu.

Cheleng'!

Moja tu, tena ndogo. Lakini pango lile liliitwa la Ngurumo kwa sababu. Cheleng' ikagonga ukuta ikawa cheleng'-cheleng', ikagonga dari ikawa ngoma ya harusi.

"MWEWE!" Jumbe akanguruma. "Hiyo ni njuga ya Mwewe! Nimeisikia mara tatu! Mkamateni!"

Popo mia tano waliachia dari kwa pamoja. Vuuuu! Hawakupiga hodi tena, waliifuata njuga. Mwewe alikwenda kushoto, njuga ikawaambia kushoto. Akapanda juu, njuga ikawaambia juu. Walimng'ata bega, wakamng'ata mkia, sufi ikapeperuka pango zima kama mvua nyeupe. Akakimbilia mlangoni, nao wote nyuma yake, hata walinzi, hata Jumbe, wanapiga kelele kiasi kwamba hakuna aliyesikia kitu kingine.

Na kitu kingine kilikuwapo, wanangu. Nyuma yao, kwenye kizibo: *karr, karr, karr, karr.*

Ghafla ikawa, BWAAA!

Maji yalimchukua Mwewe kwa nyuma, yakamtupa nje ya pango, yakamteremsha mlimani matope na sufi, yakamfikisha mbele ya baraza zima akiwa amekaa juu ya wimbi kama mfalme juu ya kiti.

"Amiri!" akapiga ukelele Kunguru. "Amiri katoa maji!"

"Tulimwona akiingia!"

"Tuliisikia njuga yake!"

Ngoma ikalia, pu! pu! pu! Makinda yalikunywa mpaka matumbo yakawa kama vibuyu. Na Bi Zawena akapiga kigelegele, kile kirefu chenye kupinda mwishoni. Mzee Korongo aliibeba ngoma ya amiri, akaiweka miguuni pa Mwewe.

Mwewe alisimama akidondoka maji. Yote aliyoyataka yalikuwa mbele yake. Lakini yeye peke yake alijua kwamba ukucha wake haukugusa kizibo.

Akachomoka ngomani, akarudi mlimani, akamkuta Nondo nje ya pango, kwenye ufa wa mwamba. Viwavi wadogo wa kijani walikuwa wakitoka mmoja mmoja, wakining'inia kwa nyuzi zao, wamevimba kwa kushiba majani ya mgomba. Nondo alikuwa akiwahesabu.

"Hamsini na nane," akasema bila kugeuka. "Yalikuwa mayai sitini na moja. Aliyaacha kwenye tunda la msufi. Siku ile ya unywele niliyachukua ndani ya vazi, nikayabandika kwenye kizibo. Mayai hayaruki, hodi haiyahusu. Zilikuwa zimebaki siku tisa waanguliwe. Wakianguliwa wana njaa, na wakitafuna wana kelele." Akamsogeza mmoja aliyekwama. "Nilihitaji kelele kubwa kuliko yao."

Mwewe aliitazama ile njuga moja mguuni mwake.

"Ulinifanya chambo."

"Nilikuambia uvue njuga, Amiri."

"Ulijua sitavua!"

"Nilijua utavua saba."

Kutoka bondeni ngoma ilikuwa bado ikilia, na jina lililoimbwa lilikuwa lake.

"Nitawaambia ni wewe," akasema. Hata yeye alisikia jinsi sauti yake isivyotaka.

"Usiwaambie. Popo watajua nani alipita, na jinsi alivyopita. Waache wakuogope wewe." Nondo alimgusa kiwavi wa mwisho mgongoni, polepole. "Mama yao angependa kuwaona. Hilo linanitosha. Nenda, wanakusubiri."

Mwewe akaenda. Alipigiwa ngoma, akaimbiwa, akalishwa. Na kila aliposifiwa, jicho lake lilikwenda lenyewe mpaka kwenye jani moja dogo kando ya msufi, akamwonea wivu aliyekaa juu yake asiyetaka kitu.

Hata leo mtamwona Mwewe akizunguka juu, mara hii, mara ile, akilia, "Fiii! Fiii!" Mtu akiwauliza anatafuta nini, mwambieni anamtafuta Nondo, naye Nondo haitiki.

Mwenye wivu hujifunga njuga kwa mkono wake mwenyewe, kisha akashangaa kusikika.