Daftari la Mwalimu Mwamvua na Kidole cha Wifi Yake

Hii nimeletewa na mtu ambaye naye aliletewa. Si ndefu. Isome ukiwa umetulia, hasa kama una wifi.

Tabora mjini, mtaa wa Isevya, kulikuwa na mwalimu mstaafu akiitwa Mwamvua. Alifundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka thelathini na miwili. Kazi aliistaafu, ila ualimu ulikataa kustaafu. Hata leo akikutana na mwanafunzi ambaye shati halijachomekewa, humsimamisha pale pale barabarani. Mtu wa namna hiyo, ukimpelekea jambo bila ushahidi unajichosha.

Mumewe, Mzee Maganga, alifariki mwaka juzi. Alimwachia nyumba, mbuzi wanne, na kompyuta ya mezani iliyojaa picha za ukoo: harusi, misiba, sikukuu za Idi, watoto ambao sasa nao wana watoto. Mwamvua alizipanga zote. Kila picha aliipa jina na mwaka, na alipozifungua zilijitokeza majina matupu, moja chini ya jingine, kama orodha ya mahudhurio. Hivyo ndivyo alivyopenda.

Mgeni wake mkubwa alikuwa Bi. Kalunde, dada wa marehemu. Kila Jumatano mchana Kalunde alikuja na karanga zake za kukaanga, akavuta kiti, akasema, "Haya wifi, nitolee kaka yangu nimwone."

Kalunde hakusoma. Majina kwake yalikuwa michirizi tu. Basi Mwamvua alikuwa akiigeuza ile orodha ikawa picha kubwa kubwa, na Kalunde akachagua kwa kidole. "Hii. Hapana, ya chini yake. Huyo mwenye kanzu." Walitazama, wakacheka, wakalia kidogo, wakanywa chai. Kalunde alirudi kwake moyo umetulia hadi Jumatano nyingine.

Kisha kompyuta ikaanza vituko.

Wako katikati ya kutazama, Kalunde ananyoosha kidole, na mara dirisha la mafaili linajifunga lenyewe. Kioo kinabaki kitupu, alama zote zinapotea, halafu zinarudi moja moja. Wakifungua tena, pengine linakubali, pengine linajifunga upya. Mwamvua aliizima na kuiwasha. Alipuliza vumbi. Alimwomba mpwa wake aweke programu ya kuua virusi, ikasaka usiku kucha na haikupata hata kirusi kimoja cha kusingizia.

Ndipo akafanya kile ambacho mwalimu hufanya. Alichukua daftari, akapiga mistari kwa rula, akaandika juu: Tarehe. Saa. Aliyekuwepo. Imejifunga au haikujifunga.

Baada ya miezi miwili alikaa mezani kulisoma. Siku alizotumia kompyuta akiwa peke yake zilikuwa arobaini na moja, na haikujifunga hata mara moja. Siku alizokuja Kalunde zilikuwa tisa. Ilijifunga mara nane.

Mwamvua aliweka kalamu chini.

Hakuwa mtu wa kuamini kijicho, kwamba jicho la mwenye wivu huharibu kitu. Maisha yake yote aliwaambia watoto kwamba mambo hayo ni ya watu wasiopenda kufikiri. Lakini daftari lilikuwa lake na mwandiko ulikuwa wake. "Daftari halina wifi," alijiambia, na moyo ukaanza kumgeuka. Maneno ya zamani yakarudi yakiwa na ladha nyingine. Siku ile Kalunde aliposema, "Kaka yangu kakujengea nyumba, wifi, wee kaa raha mustarehe," kumbe alikuwa anasifu au anaonea wivu? Ukishaanza kumdhania mtu, hata salamu yake utaipima.

Jioni ile, wakiwa kwenye ukuta wa uani, alimwambia jirani yake, Bi. Tausi, kwamba macho ya Kalunde yanaiangusha kompyuta.

"Nakwambia wewe tu, Tausi. Usimwambie mtu."

"Mimi? Mimi kaburi."

Basi. Jumatano iliyofuata Kalunde hakuja. Na iliyofuata hakuja. Wiki tatu zikapita, na katika wiki hizo tatu kompyuta ikatulia tuli. Mwamvua akachukua kalamu nyekundu akaandika: Imethibitika. Hakufurahi alipoiandika, lakini aliiandika.

Siku moja simu ikaita. Alikuwa Hidaya, binti wa Kalunde, ambaye alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua.

"Shikamoo mkazamjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umepata mtoto. Ningekuja, goti tu linanisumbua."

Goti halikuwa na tatizo lolote.

"Wa kiume, mkazamjomba. Tumempa jina la mjomba, Maganga. Naomba picha ya mjomba akiwa kijana, nimwekee wajina wake ukutani."

Mwamvua alikwenda kwenye kompyuta haraka, maana jina la mumewe lilikuwa limemgusa. Ile picha aliikumbuka vizuri, ila aliipa jina gani? Hakukumbuka. Akageuza orodha ikawa picha kubwa kubwa, akaanza kushuka nazo taratibu akitafuta kwa macho.

Dirisha likajifunga.

Alitazama kulia, akatazama kushoto. Nyumba nzima alikuwa peke yake. Kalunde alikuwa kwake, mtaa wa pili.

Hapo ndipo ulipo mtihani wa hadithi hii, ndugu msomaji. Hakuna aliyemwona. Angeweza kulifunika daftari, akasema ni bahati mbaya, mara moja tu haivunji hesabu. Na kichwa kilimshauri hivyo hivyo. Alikaa akilitazama lile neno jekundu kwa muda mrefu. Kisha akachukua kalamu akaandika chini yake: Peke yangu. Imejifunga.

Kesho yake asubuhi alimwita Fundi Editha, mama wa miaka arobaini na kitu anayetengeneza kompyuta karibu na stesheni. Zamani Editha alikaa dawati la mbele darasani kwake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Usiishike mashine kwanza. Soma hili."

Editha alilisoma daftari tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Alipofika penye wino mwekundu alikohoa kidogo. Kisha akaweka kidole kwenye mstari wa chini kabisa.

"Mwalimu, huu mmoja umeangusha hesabu yote."

"Ndiyo maana nimekuita."

"Ulitufundisha kwamba kwenye jaribio unabadilisha kitu kimoja tu. Bi. Kalunde akija hapa, vinabadilika vingapi?"

"Kimoja. Anakuja yeye."

"Ukiwa peke yako, picha unazifungua vipi?"

"Kwa majina."

"Na yeye akiwepo?"

Mwamvua alitazama nje dirishani.

"Naweka picha kubwa," alisema polepole. "Hasomi."

"Na jana?"

"Jina lilinitoka. Nikaweka picha kubwa."

Editha alivuta kiti akaeleza kwa lugha nyepesi. Majina yakiwa matupu, kompyuta haihangaiki kuchungulia ndani ya faili. Ukitaka picha kubwa, inalazimika kulifungua kila faili ili ikuchoree sura yake. Likiwemo moja lililoharibika ndani, ikilifikia inajikwaa na kuanguka. Usiposhuka hadi lilipo, haijikwai. Ndiyo maana ile Jumatano moja kati ya tisa ilipita salama.

Akaanza kusaka. Aligawa mafaili mafungu mawili, akafungua la kwanza, likatulia. La pili likajifunga. Akaligawa la pili tena, na tena, hadi ilipokaribia adhuhuri likabaki faili moja. Ilikuwa video.

Mwamvua aliijua mara moja. Aliihamisha yeye mwenyewe kutoka kwenye simu ya marehemu, siku chache kabla ya vituko kuanza, na umeme ukakatika katikati. Nusu iliingia, nusu haikuingia. Alisema ataihamisha upya, akasahau.

"Niifute?" Editha aliuliza, kipanya mkononi.

"Iache hapo hapo."

"Itaendelea kukusumbua, mwalimu."

"Najua. Kuna mtu lazima aione ikisumbua."

Mchana ule ule alivaa khanga akaenda kwa wifi yake. Alimkuta Kalunde amesimama ukumbini, uso kautazamisha ukutani na khanga kaivuta hadi puani. Nyuma ya pazia la chumba mtoto mchanga alikuwa akilia kwa nguvu.

"Nyamaza baba, nyamaza," Kalunde alikuwa akisema na ukuta. "Mama yako anaoga, anakuja sasa hivi."

"Wifi, mtoto analia," Mwamvua akasema.

"Namsikia."

"Si umbebe?"

Kalunde hakugeuka. "Sijambeba hata siku moja. Uji wa mama yake napika mimi, maji nachemsha mimi, nguo nafua mimi. Kumwogesha anakuja mtu wa jirani. Hidaya anadhani nimemkasirikia. Wifi, kama macho yangu yanaangusha mashine ya chuma, yatamfanya nini mtoto mchanga hivi?"

Mwamvua alikuja akiwa amejiandaa kukuta wifi aliyenuna. Hakujiandaa kukuta wifi aliyeamini.

Alimweleza yote pale pale: daftari, wino mwekundu, Tausi, video, umeme. Hidaya akatoka kuoga, akamchukua mtoto, kilio kikakatika. Kalunde alisikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Unanifariji tu. Umesikia mtoto analia, huruma imekushika."

Mwamvua aliona kwamba maneno yake hayana thamani tena, na aliona ndivyo anavyostahili. Neno lililovunja imani lilikuwa lake mwenyewe.

"Basi usiniamini," akasema. "Twende ukaone."

Njiani alimpitia Tausi, naye akaja huku akijiuliza ameitiwa nini. Mwamvua alimketisha Kalunde akiwa ameipa kompyuta mgongo, akamfunika khanga kichwani. Tausi akasimama mbele ya kioo.

"Tausi, hapo ulipo, sema unachokiona."

Mwamvua akaweka picha kubwa, akaanza kushuka nazo. Safu moja. Safu ya pili. Kisha Tausi akasema kwa sauti ndogo, "Imejifunga."

Akarudia. "Imejifunga." Akarudia mara ya tatu. "Imejifunga, na wala hajageuka."

Kisha Mwamvua akaifuta ile video mbele yao. Akamfunua Kalunde, akamgeuza kiti.

"Sasa tazama, wifi. Nyoosha kidole."

"Siwezi."

"Nyoosha."

Kidole kilipanda polepole. Kalunde akaonyesha picha moja, ikafunguka. Akaonyesha nyingine. Wakashuka hivyo hivyo, safu kwa safu, hadi picha ya mwisho kabisa, na dirisha likabaki wazi. Tausi alikuwa akitazama vidole vya miguu yake.

Kalunde hakusubiri chai. Alisimama, akatoka, akashika njia ya kwake kwa hatua za haraka, na Mwamvua akamfuata nyuma bila kuitwa. Alipofika alinawa mikono hadi kwenye viwiko. Akaketi mkekani, akanyoosha miguu, akamwambia binti yake, "Nipe."

Hidaya alimtazama mama yake, akamtazama mkazamjomba wake, akampa.

Kalunde alimlaza mtoto mapajani akamtazama usoni. Alimtazama sana. Alimshika masikio, akahesabu vidole vya mkono, akafungua nepi akatazama kitovu kilichokwisha kudondoka. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Kitovu kimedondoka sikuona," alisema. Kisha akainua macho. "Siku kumi na tisa, wifi. Hizi atanirudishia nani?"

Mwamvua alijishika mlangoni akalia kwa sauti, na Kalunde akamwacha alie mpaka amalize.

Halafu Kalunde akasema, bado amemwinamia mtoto, "Umeshamaliza? Haya, nipitishie hiyo nepi kavu."

Mwamvua akampitishia.

Funzo: Kabla hujaandika jina la mtu kwenye kosa, andika kwanza mkono wako mwenyewe ulikuwa unafanya nini, maana kilichoharibika kwenye mashine fundi atakiona, bali siku ulizomnyima mtu kwa dhana hazina fundi.