Tope Juu ya Alama ya Kutaiba

Wametupokeza waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa bondeni aliishi mwanamke mcha Mungu, bado kijana, akiitwa Naila binti Shadadi. Mumewe alikuwa safarini Hija, naye amebaki na mtoto wa siku kumi na tisa, arobaini yake haijatimia, na mvua ilikuwa imenyesha siku saba bila kupumua. Kuni zilikwisha, kigoda akakipasua akakichoma, na mtoto akaanza kupoa, miguu kwanza, kisha mikono, na asubuhi ile akaacha kulia. Hilo la kuacha kulia ndilo lililomtia hofu kuliko yote. Mtoto anayelia yupo. Huyu alimtazama tu.

Mvua ilipokatika, akaona kando ya mto gogo nene la mgunga lililoletwa na mafuriko. Na desturi ya mji ule ilikuwa kwamba kinacholetwa na maji ni riziki ya aliyekiona, ila kama mtu ametangulia kukitia alama kwa shoka. Naila akalizunguka mbio mbio, ubavu wa chini umezama matopeni, wa juu hauna kitu, akamshukuru Mola, akafunga kamba.

Jirani yake Bi Atika, mjane mwenye ulimi mwepesi, akambeba mtoto kifuani ndani ya shuka, akasimama penye ukavu. Alimwelekeza Naila atandike makuti juu ya tope ili gogo lisizame, naye akatandika, akavuta, gogo likasogea pima moja, makuti yakamezwa, akayachomoa, akayatandika mbele, akavuta tena. Tope lilimfika magotini. Kila hatua aliuliza, amelia? Na Bi Atika akamjibu bado, vuta, na usije ukalia wewe kwa niaba yake.

Nusu ya njia gogo likabiringika. Ubavu uliokuwa chini ukaja juu, na juu yake mikato mitatu ya shoka, bado mibichi: alama ya Mzee Kutaiba.

Huyu Kutaiba nyumba yake iligusana ukuta na ya Naila, lakini tangu alipogombana na mume wa Naila kwa ajili ya mpaka wa shamba, hapakuwa na neno kati ya nyumba zile mbili. Naila akasimama na kamba mkononi, akimtazama mtoto, akiitazama alama.

"Paka tope hapo," akasema Bi Atika. "Tope hatukosi."

Naila akachota, akapaka. Mikato ikapotea kabisa. Akaishika kamba tena, na mkono ukakataa.

"Nimemficha Kutaiba," akasema. "Kutaiba peke yake, si Mola."

"Mwanangu, mtoto huyu hana muda wa mashauri yako."

"Najua, bibi, ndiyo maana naogopa. Nitamwombaje Mola aniachie mwanangu, na mkono ninaouinua una tope hili?"

Akaitupa kamba, akamchukua mtoto, akaenda kugonga mlango wa Kutaiba. Akamweleza yote kwa pumzi moja, gogo, alama, hata tope alilopaka, akamwomba kipande tu, hata gome. Mzee akautazama mkono wake, akauliza nani aliyemwona. Naila akajibu, hakuna, ila Bi Atika, naye ndiye aliyetoa shauri. Bi Atika, nyuma yake, akageukia upande wa mto kana kwamba ameitwa.

"Binti Shadadi," akasema mzee, "gogo hilo limelala majini siku saba. Ungeliwashaje? Ungemjaza mwanao moshi, na moto usiuone."

Wale wanawake wakatazamana. Katika hofu yao hakuna aliyelifikiria hilo.

Kutaiba akaingia ndani, akatoka na mzigo wa kuni kavu na makaa mekundu katika kigae, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Siku zote hizi nilimsikia akilia, nikasema, waje waniombe. Leo nikasikia kimya, na bado nikakaa. Wewe umekuja kukiri gogo bichi. Niwie radhi, mwanangu."

Moto ukawashwa pale pale kwake. Naila akakaa na miguu ya mtoto viganjani, akihesabu pumzi, moja, nyingine, mpaka akapoteza hesabu. Ikapata joto miguu. Kisha mtoto akakunja uso, akalia, kilio kikavu cha hasira, na hapana aliyemnyamazisha.

Enyi mnaosoma, mwenye hofu hushika kilicho karibu, hata kama kimelowa, na kukivuta kwa nguvu zake zote. Naila naye aliogopa, tena sana, lakini hofu zilikuwa mbili, ya kumpoteza mwanawe na ya Mola wake, akaifuata iliyo kubwa. Mola atujaalie kuzitambua zetu.