Baraza la Sultani Hasnuu Lililohamia Juani

Hapo zamani, katika mji wa Pangaboma, alikuwako Sultani aitwaye Hasnuu, naye alikuwa na mawaziri sita, mmoja kutoka kila mtaa. Lakini hawakupata kukaa miezi mitatu bila ya kupanguliwa. Wa Visima alipelekwa Sokoni, wa Soko akapelekwa Gerezani, kuwa waziri na si mfungwa, ingawa hilo nalo lilipata kutokea.

Ikawa kila lilipopulizwa baragumu la uteuzi, wanaume wote wa mji hufua kanzu zao wakakaa barazani hadi alasiri kumngoja mjumbe wa Sultani. Hufua kinyozi, hufua mwuza mkaa, hata mwizi wa kuku anayejulikana na kila mtu naye hufua. Tusiwacheke sana, kwani tungekuwako, sabuni ingetuishia sisi kwanza.

Basi palikuwa na fundi mmoja wa kuwamba vitanda, jina lake Ngwali, fukara wa kutupwa, mwenye ulimi mwepesi kuliko mfuko wake. Huyu aliwacheka wenziwe wote kwa uroho wao wa vyeo, naye mwenyewe alikwisha kufua kanzu yake mara kumi na moja. Na kwa kuwa alikuwa na kanzu moja tu, aliivaa mbichi, akakaa barazani akipiga chafya, na kila apitaye, yeye humwambia kwamba anapunga upepo tu.

Mara ya kumi na moja, alipopitwa tena, alikwenda kwa mwuza kahawa na hasira zake, akasema mbele ya watu kwamba Sultani wao ni mpishi aliyeunguza wali, na kazi yake ni kuuhamisha kutoka sufuria hii kwenda sufuria ile. Neno hilo lilifika jumba la Sultani kabla Ngwali hajamaliza kikombe.

Asubuhi yake askari akasimama mlangoni akasema Ngwali anaitwa. Naye, badala ya kuogopa, moyo ukamruka kwa furaha, akajua uwaziri umekuja. Akaivaa kanzu, na njiani akaanza kugawa vyeo. Kinyozi akamwahidi forodha, na jirani mwenye punda mmoja akamwahidi ukuu wa askari wapanda farasi. Alifika mbele ya Sultani serikali yake imekwisha kujaa.

Sultani akasema, "Ewe Ngwali, nimesikia kuwa wajua upishi kunishinda. Basi sikiliza. Watu wanataka serikali ibadilike, na kila nikimwondoa waziri, watu wa mtaa wake wanagoma. Mawaziri wangu ni sita. Asitoke hata mmoja, asiingie mtu mwingine, wala asipewe mmoja kazi ya mwenziwe. Lakini Ijumaa, kabla ya alasiri, nataka niwasikie watu kwa vinywa vyao wakisema serikali imebadilika. Wasiposema, utatoka mji huu wewe na mkeo, na nyumba yako itakuwa zizi la farasi wangu."

Ngwali akaitika labeka, akatoka. Nyumba ile aliijenga babu yake, na hakuwa na kitu kingine duniani alichokipenda vile. Akapita uchochoroni ili asionane na wale aliowapa vyeo, akawakuta uchochoroni humo wakimngoja, kila mmoja na kanzu yake safi. Akawaambia mambo yanakwenda polepole.

Nyumbani akamweleza mkewe, Bi Mwanashekhe, akamwuliza yeye angebadilisha nini katika serikali. Yule mama, aliyekuwa akichambua mchele, hakuinua hata macho.

"Mimi hiyo serikali siijui sura, mume wangu. Miezi saba nakwenda kushitaki kisima chetu kilichobomoka. Nilichokiona ni gogo la mnazi tunalokalia juani nje ya lango, na bawabu akisema Sultani yumo ndani anapanga mawaziri."

Ngwali akacheka peke yake, na mkewe akadhani ile baridi ya kanzu sasa imempanda kichwani.

Ijumaa baada ya swala akaingia jumbani, akasujudu, akasema, "Bwana wangu, mawaziri nimekatazwa kuwagusa. Je, na kiti chako nimekatazwa?"

Sultani akasema, "Kiti sikukitaja."

Basi Ngwali akawaamuru askari wanne wakibebe kiti cha enzi, wakakitoa nje ya lango, wakakiweka mwisho wa lile gogo, pembeni mwa wanyonge wenye mashitaka yao. Na ada ya Pangaboma tangu enzi za mababu ni kwamba palipo na kiti cha Sultani ndipo penye baraza, na waziri asiyekaa mbele yake amejiuzulu. Sultani akatoka, maana neno lake alikwisha kulitoa, akaketi. Mawaziri sita wakafuata, wakakaa mchangani mbele yake, na jua lilikuwa la saa nane.

Mzee mmoja akashitaki ng'ombe wake aliyetaifishwa. Sultani akamgeukia waziri, naye waziri akasema habari hizo hazijamfikia. Mzee akasema alizileta mara tisa. Ng'ombe akarudishwa. Wa pili akasikilizwa, na wa tatu, na wa nne, na mawaziri, wakiona hapaondokeki juani mpaka kazi iishe, wakaanza kujibu upesi na kutoa amri wenyewe kabla hawajaulizwa. Alasiri haijaadhiniwa, gogo likawa tupu, na watu wakawa wanaambiana waziwazi, "Leo serikali imebadilika."

Sultani akayasikia. Akajipangusa jasho, akasema kwa sauti ndogo, "Ngwali, umeniondoa mimi."

"Bwana wangu, uliwakataza sita. Nikahesabu waliobaki, nikapata mmoja."

Sultani akainamisha uso kwa haya, kisha akacheka, akasema nyumba ni ya Ngwali milele, na aombe jambo lolote. Sasa Ngwali alijua vema mwenye hekima hujibu nini hapo. Husema hataki kitu, atosheka na afya. Akafungua kinywa aseme hivyo, kikasema, "Uwaziri, bwana wangu."

Sultani akacheka hata akashika mkono wa kiti. "Sikuamuru asiingie mtu mwingine? Nami leo nimejifunza kwako kushika amri neno kwa neno."

Akampa magunia mawili ya mchele, na watu wakamsindikiza kwa vicheko, naye akacheka nao, kwa kuwa hakuwa na la kufanya.

Alipofika nyumbani akaketi, akakohoa, akamwambia mkewe kwamba Sultani alimbembeleza sana achukue uwaziri, naye akaukataa. Bi Mwanashekhe, ambaye alikuwa wa nne kwenye lile gogo na hakupitwa na neno, akampakulia wali.

"Umefanya vyema, mume wangu," akasema. "Vyeo havina maana."