Kwa Nini Shingo za Wazee Hulia

Hapo kale, kabla babu wa babu zetu hawajaota meno, shingo ya mtu ilikuwa mfupa mmoja, umenyooka kama mchi. Aliyetaka kuona nyuma aligeuka mwili mzima. Na msicheke, nyie mnaogeuza vichwa ovyo kama kuku!

Mlimani aliishi Nakiete, aliyefiwa na Nambike, kifungua mimba wake. Siku ya tatu aliteremka mtoni na wifi yake Mwanjaa, mzaliwa wa bondeni, kuchukua mawe ya kaburi. Mila ilikataza kutua jiwe njiani au kugeuka, maana marehemu hufuata nyuma mpaka jiwe lifike. Akitazamwa, hapumziki tena. Nakiete alibeba kimlimani, jiwe mgongoni na ukanda kwenye paji la uso. Mwanjaa alijitwika lake kichwani juu ya kata.

Jua lilikuwa la utosi. Ghafla nyenje wote wakanyamaza, na nyuma yao nyayo ndogo zikasikika kwenye majani makavu.

"Mama, mbona waniacha?"

"Wifi, usithubutu," Mwanjaa akanong'ona. "Huyo si wa kutazamwa."

Nakiete alijua. Lakini uchungu wa mwana, jamani! Alitaka kuuona uso ule mara moja tu. Mwili ulikuwa umefungwa na mzigo, basi akaipinda shingo kwa nguvu zote. Ko! Mfupa ukakatika vipande saba. Mwanjaa akamgeuzia kichwa amzuie, na shingo yake ikakatika vivyo hivyo. Ukanda uliivuta shingo ya Nakiete ikarefuka, na jiwe likaishindilia ya Mwanjaa ikawa fupi na nene.

Nyuma yao njiani hapakuwa na mtu. Kisha Nakiete akahisi vidole vya baridi vikimpapasa kisogoni, vikapenya kati ya vile vipande, vikatulia humo. Walipofika, kaburi lilikuwa limebonyea katikati kama lililo tupu, na Mwanjaa akalia kwa hofu.

Na tangu siku hiyo wazao wa Nakiete wana shingo ndefu na nyembamba, wa Mwanjaa fupi na nene, na uzeeni zote huchakaa na kulia ko, ko. Nakiete mwenyewe, kila shingo yake ilipolia, aliacha kazi akasema taratibu, "Nipo, mwanangu." Alikuwa naye mpaka siku ya kufa kwake, na uso ule hakuuona.