Mshenga na Sahani ya Chechebsa

Kuuliza si ujinga. Mwenzenu Wakesho amewajibu hivyo mlipomcheka kwa kuuliza jina la chakula cha wageni, nanyi mnataka kujua kauli hiyo kaitoa wapi. Kwingine sijui, lakini katika ukoo wetu ilianza hivi.

Nilipotaka kuoa Moyale, mshenga wangu alikuwa Mjomba Mwandawiro, aliyesifika Taita nzima kwa kunena. Nyumba ya akina Gumato, binti niliyemposa, ilikuwa na desturi yake. Mshenga huandaliwa chechebsa, mkate uliomegwa vipande ukakaangwa kwa siagi na pilipili. Akishakula, huomba nyongeza kwa kukitaja chakula kwa jina. Asipoomba, amekataa undugu, na posa imekufa. Nami mposaji sikuruhusiwa kufungua mdomo.

Njia nzima nilimfundisha jina lile. Mara lilimtoka chechebusa, mara chebechesa. Abiria wakacheka, naye akanuna. Wasemaji hodari ndivyo walivyo, kuchekwa hawakuwezi.

Basi mjomba akala, akalamba hata siagi ya vidoleni. Mama yake Gumato akasimama na sufuria, akingoja. Mjomba akasifu nyumba, akasifu mvua, akasifu mbuzi. Jina halikuja. Jasho lilimtiririka, nami nilimpenda binti yule hadi usingizi ulikuwa umenihama. Mama akarudisha kifuniko. Baba yake Gumato akashika bakora yake ainuke. Nikamkanyaga mjomba mguu. Sikuwa na lingine la kufanya.

"Mama," mjomba akasema kwa sauti ya chini, "nataka kuongezwa, lakini jina la chakula hiki linanishinda. Naomba unifundishe."

Mama akamtazama mumewe. Nilijua tumekwisha.

"Chechebsa," mama akasema hatimaye.

"Chechebusa."

"Taratibu, mzee. Chechebsa."

Alijaribu tena, akakosea tena. Mama akafunua sufuria, akampakulia sahani ikajaa.

"Tulidhani umemkataa mtoto wetu," akamwambia. "Kumbe ulikuwa tayari kumkosesha kijana wako mke, kwa kuona haya kuuliza tu?"

Mjomba aliinamisha kichwa, akala. Alikufa mzee sana, na jina lile hakuwahi kulitamka sawasawa. Lakini Gumato ndiye huyo bibi yenu aliyelala chumbani, na ninyi nyote mlioketi hapa mmetokana na swali la mjomba. Kuuliza si ujinga.